Nyapara Aliyerudisha Kiboko

Juzi nilikuwa bomani nikingoja cheti cha njia, ruhusa ya kuwasafirisha vibarua ninaowasimamia. Mbele yangu alisimama nyapara wa vibarua wanaojenga reli ya kuja Dodoma, Mgogo, kijana wa umri wa mwanangu. Alikiweka kiboko chake juu ya meza ya karani, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Nirudishieni jembe," alisema.

"Kazi imekushinda?"

"Kazi naiweza. Nilikwenda nyumbani, mama akaniamkia shikamoo, kwa Kiswahili, kama anavyowaamkia askari. Tangu nizaliwe mama husema nami Kigogo tu."

Karani hakucheka. Alikisukuma kiboko kwa kidole kimoja mpaka kikamgusa nyapara tumboni. "Kesho alfajiri watu wawe mstarini."

Sisi tuliopewa watu wa kusimamia hupenda kujipima kwa urefu wa tuta la reli lililojengwa. Nadhani ingetufaa zaidi kusikiliza tunavyoamkiwa nyumbani.

Kijana alikichukua kiboko, akageuka. Alipopita karibu yangu nilitaka kumpa pole. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukisema, "Shikamoo, bwana."