Tiketi ya Mzee Chengfu

Ran Guizhi aliuza mayai ya kuchemsha kwenye gati la Wushan kwa miaka kumi na tisa, na mtu aliyeuza mayai pale enzi zile hawezi kuwa mtu wa haya. Meli ilisimama dakika ishirini tu. Unakimbia na kikapu, unakichomeka madirishani, unapiga kelele mpaka koo linakauka, na abiria akijifanya hana chenji unamtukania ukoo mzima kabla honi haijalia. Hivyo ndivyo alivyompata mume. Mou Chengfu alikuwa mshika usukani msaidizi. Alinunua mayai sita, akayala yote amesimama, kisha akalalamika kwamba hayana chumvi.

"Basi lamba jasho lako," Guizhi akamwambia.

Mwaka uliofuata wakaoana.

Chengfu aliujua Mto Yangtze jiwe kwa jiwe, na kila jiwe alilitaja kwa jina kama jirani mkorofi. Halafu bwawa likajengwa kule chini, maji yakapanda, na mawe yote yakazama pamoja na nyumba yao, shule aliyosoma mtoto wao na gati la mayai. Wakahamishiwa juu mlimani, ghorofa ya sita, lifti siku inafanya kazi, siku haifanyi. Chengfu alistaafu, akapata kiharusi kidogo kilichompinda mdomo, akawa anakaa dirishani kutukana meli nyeupe za watalii. "Angalia huyo anavyopita!" atasema. "Ningepita hivyo mimi, tungekufa wote." Kisha anakumbuka kwamba siku hizi hakuna pa kugonga, anakunja uso, anaomba chai.

Mtoto wao alikuwa mmoja, Yuanhang. Aliondoka kwenda Kanada kusoma mambo ya mitambo ya baridi, akaoa huko mwanamke anayeitwa Klara, akabaki.

Chengfu alifariki mwezi wa Desemba, saa nne asubuhi, kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, mkononi ana mfuko wa kabichi. Lifti siku hiyo haikufanya kazi. Guizhi alizisikia kabichi zikibingirika kabla hajamsikia mtu akipiga kelele.

Jioni ile ile Mou Chengde, kaka mkubwa wa marehemu, mkulima wa plamu, akaja na kukaa kwenye kiti cha mdogo wake. Akalia kidogo, akapangusa pua, akaanza kutoa amri.

"Mtoto asiambiwe."

"Shemeji, ni baba yake huyo!"

"Najua ni baba yake. Mkewe ana mimba ya miezi minane. Na uraia wake je? Si wakili alimwambia asitoke nchini mpaka ale kiapo? Umwambie leo, kesho apande ndege, karatasi zipotee, mimba iharibike. Halafu utamjibu nini Chengfu?"

Guizhi akakubali. Na tusimlaumu yeye peke yake, maana sisi sote huku ndivyo tulivyo. Aliye mbali hupelekewa habari njema tu. Zile mbaya tunazimeza sisi tuliobaki. Ukimpigia mwanao ng'ambo ukamwambia unaumwa, majirani watakushangaa: umemwambia ili afanye nini? Kwa hiyo marehemu akachomwa bila mwana. Kasha la majivu likawekwa rafuni kwenye nyumba ya maiti, limngoje mwana, kwa sababu baba hushushwa kaburini na mwanawe. Ilikuwa iwe miezi mitatu. Minne ikizidi sana.

Jamani, uongo ule ulikuwa rahisi mno, na hilo ndilo lililomtisha Guizhi baadaye. Tangu mdomo upinde, Chengfu mwenyewe alikuwa hataki kuonekana kwenye simu. Na sauti za wale ndugu wawili zilikuwa moja, zimekwaruzwa na tumbaku ile ile. Kila Jumapili Chengde alipanda ngazi, akanywa chai, akashika simu. "Ee. Umekula? Kula ushibe. Huko baridi? Vaa." Dakika moja, basi, kisha akamsikiliza Yuanhang akieleza yake. Mjukuu akazaliwa, wa kike, akaitwa Anhe. Chengde akacheka kwenye simu kicheko cha babu, na Guizhi akaingia jikoni akafungua bomba ili asisikike analia.

Karatasi za uraia zikatoka. Guizhi akasema sasa aambiwe. Chengde akasema mtoto bado mchanga, mama yake ananyonyesha, maziwa yatakauka. Ikaja Sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina. Nani huleta msiba sikukuu? Ikapita. Mwezi wa Machi Yuanhang akapiga, sauti imejaa furaha.

"Mama, mwaka huu tunakuja! Oktoba baba anafikisha sitini na tisa, si ndiyo? Basi tunamfanyia sabini yake, kama desturi yetu inavyotaka. Mwaka mmoja kabla, isimpite. Na hatumfanyii hotelini. Tunampandisha meli."

"Meli gani?"

"Meli, Mama! Zile nyeupe anazozitukana. Chongqing mpaka Yichang, siku nne. Ashuke mto wote amekaa, analetewa chai, hashiki usukani. Usimwambie bado, nataka nimwambie mwenyewe."

Tangu hapo mipango ikamiminika. Julai haifai, joto na mafuriko. Oktoba ndiyo yenyewe. Kupanda mto kunachukua muda zaidi, heri kushuka. Vyumba viwili ghorofa ya tano, vyenye roshani, mbali na injini. Sasa yeye mwenyewe ni mgeni, pasipoti yake ni ya Kanada, anaomba viza aingie kwao. Lazima jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti. Alikuwa amesoma maoni ya watalii mia mbili kuhusu vyakula vya kila meli. Lo! Mtoto wa mshika usukani anasoma maoni ya watalii juu ya mto uleule zilimofuliwa nepi zake! Guizhi alisikiliza yote, akasema ndiyo, ndiyo, vizuri mwanangu.

Jumapili moja Yuanhang akashindwa kujizuia, akamwambia "baba" mwenyewe. Kisha akauliza, "Sasa, Baba, wewe ndiye fundi. Nichukue vyumba upande gani? Kushoto au kulia? Nataka Anhe apaone pale nyumba yetu ilipokuwa."

Chengde, ambaye maisha yake yote amepanda meli mara tatu, akamtazama Guizhi. Guizhi akamwonyesha kulia kwa kidole. Chengde akadhani anaonyeshwa mlango.

"Ah," akasema, "popote tu. Mto ni mto."

"Haya, Baba," Yuanhang akasema polepole.

Simu ilipokatwa Guizhi akamgeukia. "Mto ni mto? Chengfu angemweleza saa nzima! Angemtajia kila jiwe na nani alizama wapi!"

"Sasa mimi ningejuaje? Mimi ni mtu wa plamu!"

"Inatosha, shemeji. Namwambia."

"Subiri kwanza. Zikibaki wiki mbili wasafiri tunasema amezidiwa. Wakiwa njiani tunasema amefariki. Atafika, atazika, atalia kama watu wengine, mambo yamekwisha. Hakuna atakayeumia."

Guizhi akamkodolea macho. "Yaani unataka tumuue mara ya pili?"

"Mara ya pili haiumi," Chengde akasema. Na ndevu zake zilikuwa zinatetemeka, maana naye alimpenda mdogo wake. Usidhani alikuwa jiwe.

Guizhi akapiga moyo konde: Jumapili ijayo, kabla Chengde hajapanda ngazi, atasema mwenyewe. Aliyapanga maneno akiosha mchele, akayapanga tena akianika nguo. Mwanangu, nimekukosea. Hapana. Mwanangu, kaa chini kwanza. Alichokuwa akikiogopa si hasira. Aliogopa mtoto wake wa pekee asije akamfungia moyo. Alijua kwamba akisikia habari ile kutoka kinywani mwa mama yake, huenda akasamehe. Akiisikia kwingine, basi.

Lakini siku ya Alhamisi Yuanhang akaandika: Mama, nitumie haraka picha za vitambulisho vyenu, nafasi zinaisha, wakala ananisubiri.

Hapa ndipo alipokosea, na ni kosa la mtu wa gati. Katika akili ya Guizhi tiketi ya meli ni kikaratasi. Unakinunua dirishani, unakikunja, unakitia kwenye soksi. Hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Akaona akituma picha atapata siku tatu za kupumua mpaka Jumapili. Kwenye simu yake kulikuwa na picha ya kitambulisho cha Chengfu, aliyoipiga zamani walipokwenda kuchanjwa. Akaituma pamoja na yake. Wala hakukumbuka kwamba wiki ile ya msiba Chengde alikwenda kituo cha polisi, ambako watu huandikishwa, kufuta jina la marehemu, ili wapewe posho ya mazishi.

Kesho yake saa sita mchana simu ikalia. Chengde alikuwepo, ameleta mboga, anakula tambi zenye pilipili mezani.

"Mama," Yuanhang akasema. "Nipe baba."

Haikuwa Jumapili. Kanada kulikuwa usiku wa manane. Guizhi akafungua mdomo aseme, lakini Chengde alikwishanyoosha mkono, mdomo umejaa tambi, akaichukua simu kama alivyozoea.

"Ee. Umekula? Mbona hujalala? Mtoto mzima? Mimi mzima, miguu tu hii. Kula ushibe. Vaa."

Yuanhang alimwacha aseme yote. Hakumkatiza hata mara moja. Ilipofika mwisho, pumzi moja ikasikika kwenye simu.

"Umemaliza, Baba Mkubwa?"

Chengde akaiweka simu mezani taratibu, karibu na bakuli, akasimama, akaenda kusimama kwenye kona ya chumba, uso umeelekea ukutani. Mtu wa miaka sabini na mbili.

Guizhi akaichukua. "Mwanangu, nilitaka Jumapili..."

"Msichana wa ofisi ya tiketi alidhani nimekosea namba," Yuanhang akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu ule ulimtia Guizhi baridi. "Akaniambia, samahani bwana, mtandao unakataa, mwenye kitambulisho hiki ni marehemu. Nikamwambia angalia tena. Akaangalia. Nikamgombeza, Mama. Nikamwita mjinga. Msichana wa watu akaanza kuniomba radhi. Lini?"

"Desemba ile. Tarehe tisa."

"Desemba ile. Anhe alikuwa hajazaliwa. Nilimpigia kumwambia mtoto amezaliwa. Nani alicheka?"

Guizhi akatazama kona aliyosimama Chengde.

"Nimekuwa nikimhadithia mambo yangu," Yuanhang akasema. "Mambo ambayo hata Klara hajui. Kila Jumapili." Hapo sauti ikapasuka kidogo, akakata.

Hakupiga Jumapili ile wala iliyofuata. Guizhi aliandika, akafuta, akaandika. Mwezi wa Juni likaja jibu la mistari miwili: atakuja Oktoba kumzika baba yake. Atakuja kwa meli ileile, kwa kuwa baba yake aliingia mji huu kwa mto kila mara. Chumba ni kimoja.

Meli za watalii husimama Wushan kwa muda wa saa nne, ili wageni wapelekwe kwa mashua ndogo kuona mabonde. Guizhi alipika siku tatu. Nyama ya kukaushwa kwa moshi, samaki wa pilipili, supu ya viazi. Alitandika kitanda kikubwa kwa shuka mpya, kwa sababu moyo haukubali; alijisemea labda akifika atalala hata usiku mmoja, meli iende zake.

Yuanhang akashuka amejifunga kitambaa cheupe cha msiba kichwani, mtoto begani, Klara nyuma na mwavuli. Watalii waliokuwa wakipigana picha wakapisha. Alimsalimia mama yake kwa adabu zote. Alimsalimia na Chengde. Wakapanda gari mpaka makaburini, juu, mahali unapouona mto wote. Yuanhang akapiga magoti, akalishusha kasha mwenyewe, akasukumia udongo kwa mikono yote miwili. Hakulia. Guizhi alilia mpaka Klara akaja kumshika, wanawake wawili wasiosikilizana lugha. Fataki za mazishi zikapigwa, Anhe akashtuka akajificha kwenye shingo ya baba yake, na vyote vikaisha kwa dakika arobaini.

"Chakula kipo tayari," Guizhi akasema. "Nyumba si mbali. Kitanda pia nimetandika."

Yuanhang akaangalia saa. "Tutachelewa meli, Mama."

Kwa hiyo akawasindikiza gatini. Gati jipya, la zege, hakuna anayeuza mayai. Akampa Klara mfuko wa nyama, akamshika Anhe vidole, akawa hana tena la kufanya na mikono yake. Honi ikalia mara ya kwanza.

"Mtarudi lini?" akauliza.

Yuanhang akageuka, akatabasamu. Akamshika bega. "Mwakani, Mama. Mwakani tutakuja tukae mwezi mzima. Anhe atakuwa anaongea vizuri, utamfundisha kupika. Usiwe na wasiwasi. Kula ushibe."

Aliyasema kwa upole, bila haraka, neno moja likifuata jingine bila kukwama popote. Guizhi alilitazama tabasamu lile. Alilijua. Alikuwa amelivaa yeye mwenyewe Jumapili baada ya Jumapili, akiwa ameshika simu.

"Haya, mwanangu," akasema, "nitawangoja," na akasimama pale akiwapungia mkono mpaka meli ikakata kona, akijua kwamba hawatakuja.