Besi ya Mprotestanti Kibarazani

Baba yangu alikuwa Mprotestanti peke yake katika nyumba ya Wakatoliki, na ndiye aliyekuwa akitupangia benchi. Hapa Kibaoni majirani Wakatoliki husali pamoja kila wiki, nyumba kwa nyumba kwa zamu, tunaita jumuiya. Zamu yetu ilipofika, baba alifagia uwanja, akaazima benchi, akachemsha chai, kisha akatoka zake na kigoda hadi kibarazani, akawa anachonga mpini wa jembe wakati sisi tunasali rozari ndani. Wimbo ulipoanza, besi ilitokea nje. Yeye aliimba maneno ya kitabu chake cha Kilutheri, sisi ya kwetu, sauti zikakutana dirishani. Kwaya za siku hizi zenye spika za kupasua masikio sizitaki kabisa. Naitaka ile.

Neno lenyewe, Mprotestanti, lilinikera tangu utotoni. Bibi, mzaa mama, alilitamka kama jina la ugonjwa. "Huyo Mprotestanti wako ameshakula?" alimuuliza mama. Aliamini maana yake ni mtu mbishi, na kwa kuwa baba alikuwa mbishi kweli, hasa kuhusu chumvi kwenye mchuzi wa kambale, hakuna aliyejisumbua kumsahihisha.

Siku moja nilimuuliza baba anapinga nini hasa. Alikuwa amestaafu kwenye mashamba ya miwa, yaliyomleta huku kutoka Njombe akiwa kijana. Alicheka, akaniambia alichofundishwa na mwinjilisti wao wa Mang'ula: neno ni la Kilatini, na asili yake ni kusimama mbele za watu ukatoa ushuhuda. Zamani huko Ujerumani watawala wachache walizidiwa mkutanoni, wakatakiwa waache mafundisho mapya. Wakasimama, wakatamka hadharani kwamba jambo la dhamiri haliamuliwi na wingi wa watu. Hao ndio walioitwa hivyo kwanza.

"Na Wajerumani wenyewe wanapenda kujiita watu wa Injili," akasema. "Hii maana ya kupinga na kuandamana imekuja kukolea kwa Waingereza."

Baadaye sana nilichungulia kamusi, nikakuta kwamba hata katika Kiingereza cha zamani mtu aliweza kutumia kitenzi cha neno hilo, protest, kuapa kwamba anampenda mwenzake. Nilitamani nimpigie simu nimwambie, lakini tulikuwa tumeshamzika.

Aliacha agizo moja tu. "Mkishanizika, msiniombee. Mniimbie, inatosha." Kwa imani yake, aliyekufa yuko mikononi mwa Mungu na hakuna cha kumwongezea. Kwa imani ya mama, kutomwombea marehemu ni kumtelekeza njiani. Mama alimkubalia mumewe pale kitandani alipougulia, kisha akabaki na mzigo.

Novemba ni mwezi wa marehemu. Jumuiyani kila mmoja hutaja wafu wake kwa majina, na wote huwaombea. Mama aliwataja wazazi wake, ndugu zake, hata jirani aliyekuwa akimsengenya. Akifika kwa baba, midomo inacheza, halafu anameza. Kumtazama kuliniumiza.

Novemba iliyopita nilikuja kutoka Morogoro, zamu ikiwa kwetu. Benchi nilizipanga mimi, tena vibaya. Mama alikuwa akichagua mchele.

"Mwanangu, leo namtaja," akasema. "Nimechoka. Nataka kusikia watu wakiliita jina lake."

"Mtaje, mama," nikamwambia. Nami nilikuwa na kiu hiyohiyo.

Jioni zamu ya kutaja majina ilizunguka hadi ikamfikia mama. Mwenyekiti wa jumuiya, jirani yetu wa miaka mingi, akamuuliza kwa upole, "Na mzee wetu je, mama? Tumwombee?"

Mama akasimama. Wengine wote walikuwa wametaja wafu wao wakiwa wamekaa.

"Nilitaka," akasema. "Mungu anajua nilivyotaka. Lakini yeye alikataa, na mimi nilimkubalia. Basi msimwombee. Ila nisikieni nyote. Nimekaa na mtu yule, hakuwahi kuniinulia mkono, hakuwahi kunizuia kusali, na mpaka leo nampenda."

Mtu mmoja nyuma akasema amina, kwa mazoea.

"Mwimbieni," mama akasema. Akaanzisha wimbo mwenyewe, ule ambao makanisa yote mawili yanao, kisha akapita katikati ya benchi zangu zilizopinda, akatoka, akakaa kwenye kigoda cha baba.

Ndani tuliendelea na maneno yetu. Kutoka kibarazani mama aliimba maneno ya Kilutheri, ubeti baada ya ubeti, bila kitabu. Miaka yote ile, kumbe alikuwa akimsikiliza! Mimi niliisubiri besi. Tulimaliza beti zote, haikuja.