Mtutu wa Kushoto

Kwetu Kamina mkwe mwanaume ni kama kiti cha sebuleni: hupewa mahali pa kukaa, haombwi maoni. Ukiwa na neno kwa baba mkwe, unalipitisha kwa mke wako. Mimi nilizaliwa na mdomo mwepesi, kwa hiyo desturi hii imenitesa tangu nilipooa.

Mwaka huu nguruwe mwitu walivamia mahindi ya baba mkwe. Akaja kwangu na bunduki yake ya zamani ya mitutu miwili, pamoja na kartushi za bale, zile zenye donge moja nene badala ya chembe nyingi. Akamwambia binti yake nimsafishie. Mzee ni mwindaji wa kanga. Mtutu wa kushoto umebanwa mdomoni ili chembe zisitawanyike, na ndio humwangushia kanga walio mbali. Basi akaamua bale nayo aiweke humo, ifike mbali.

Kartushi moja ilikuwa imeoza kwa unyevu, donge lake likanidondokea mkononi. Nilihakikisha bunduki ni tupu, nikalijaribisha kwenye midomo ya mitutu. Kulia lilipita. Kushoto likagoma kabisa. Niliogopa. Chembe hubanana zikapita. Donge hili lingepitia wapi?

Nilimwonyesha mke wangu, naye akampelekea baba yake maneno yangu na donge lenyewe. Mzee alicheka, akauliza mkwe wake ameshaua kanga wangapi. Mke wangu akarudi amenuna, akaniambia nisimtume tena.

Jioni mzee aliichukua bunduki yake, nikamfuata shambani nikamkuta anapakia kushoto. Nikavunja desturi.

"Papa, bale mu ule mututu wa kushoto apana. Itapasuka."

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa, na kwa desturi yetu nilikuwa nimemtukana kweli.

"Bunduki njo yangu," akasema.

Kama alikuwa ameanza kusita, mimi ndiye niliyemfungia njia. Angebadilije nia mbele ya mkwe? Nilitaka kumnyang'anya, lakini nani anang'ang'ania bunduki iliyopakiwa? Nikarudi nyuma. Nguruwe wakatoka, mzee akafyatua.

Mtutu ulichanika, ukaondoka na vidole vya mkono alioushikia kwa mbele. Nilimfunga kwa shati langu, tukapanda pikipiki ya kukodi kwenda hospitali, dereva mbele, mzee katikati, mimi nyuma nikimkumbatia asianguke. Nilimkasirikia mzee, na nilimwonea huruma mpaka nikalia.

Baada ya siku chache nilikwenda hospitalini, nikasimama mlangoni. Mzee akamnong'oneza binti yake. Mke wangu akanigeukia, akasema baba anauliza kama mtutu wa kulia bado ni mzima.

Nikamwambia amjibu kwamba bunduki yote imekufa, isiguswe na mtu.

Akamjibu. Wakanong'onezana tena, kisha mke wangu akaja mpaka pale mlangoni.

"Baba anasema mudogo yake alishaibeba," akaniambia. "Iko nayo ku shamba."