Alama ya Jino Kwenye Risasi

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa akifunga mishipi ya kuvulia changu, na wavuvi wa gati walimwita Shangazi Jino. Wageni walidhani ni kwa sababu ya pengo lake la mbele. Sivyo. Jina lilitangulia, pengo likaja baadaye, na lilitokana na kazi hiyohiyo.

Changu ni samaki mjanja. Hamezi chambo kwa pupa. Anakidonoa pembeni, anakinyonya, anakuachia ndoana safi kama iliyooshwa. Mshipi wake hautaki mambo mengi. Shangazi alinyoosha uzi wa nailoni kati ya misumari miwili kwenye meza ya dirishani, akatoa matawi mawili mafupi ili yasijizongezonge, akafunga kila tawi ndoana ndogo lakini nene, maana changu ana meno ya kusagia kome na ndoana nyembamba anaipinda. Chini kabisa aliweka chubwi, lile donge la risasi la kuzamisha mshipi. Halafu juu kidogo ya kila ndoana alibana punje ya risasi, ndogo kama pilipili manga, ili chambo kitulie maji yanapovuta. Punje ina mpasuko. Uzi unapita humo, mpasuko unafumbwa. Wengine hufumba kwa koleo. Shangazi alifumba kwa meno.

"Koleo halina huruma," alisema. "Linaukata uzi ndani kwa ndani, na wewe huoni. Jino linajua pa kuishia."

Basi kila punje ilitoka kinywani mwake na kidonda kidogo cha jino, na wavuvi walikipapasa kwa ukucha kabla ya kununua. Wasipokikuta, hawachukui. Mmoja wao tulimwita Kelele, kwa sababu alizoea kuushinda kwa sauti mlio wa injini ya mashua na hata nchi kavu hakupunguza sauti.

"Shangazi! Hizi umeuma mwenyewe au umempa paka?"

"Lete mkono nikuume, ulinganishe."

"Jana nimemvuta changu, namfungua mdomo, nakuta meno yako!"

"Umrudishe baharini basi. Ndugu yangu huyo, na hajaniaga."

Risasi aliitoa kwenye betri kuukuu za magari. Aliiyeyusha katika kisufuria cheusi, kwenye jiko lilelile tulilopikia chai, na moshi wake ulikuwa na ladha tamu kooni. Hakuna aliyeuogopa. Sisi ni watu wa sala, na kabla ya kumimina alisema "kwa jina la Mungu," akamimina kwenye vitundu vya mchanga bila kumwaga hata tone.

Alianza kuumwa tumbo. Tukasema ni vidonda, tukampunguzia pilipili. Akapauka, ufizi ukapata weusi, jino la mbele likalegea likatoka. Alicheka, akahamia la pembeni. Kisha asubuhi moja aliinua kikombe, na kiganja cha kulia kikaanguka kwenye kifundo kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Chai ilimwagika yote. Alikitazama kile kiganja kwa mshangao, kama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa mapajani mwake.

Daktari alimpima damu, akamuuliza habari za kazi, akamwambia taratibu:

"Mama, ni risasi. Imekuwa ikikuingia kidogokidogo. Imeharibu mishipa ya mkono."

"Mishipi yangu haijakatika hata mmoja, daktari. Waulize wavuvi."

"Nimesema mishipa, mama. Mishipa."

"Nimesikia mwanangu. Wewe umesema ya mishipa, mimi nakwambia ya mishipi."

Daktari alitabasamu kidogo, kisha akaacha. Alisema risasi imeshajificha kwenye mifupa. Dawa ya kuivuta hawakuwa nayo. Akiacha kabisa kuuma na kuyeyusha, huenda nguvu ya mkono ikarudi. Huenda.

Njiani Shangazi aliuliza, "Amesema mkono unaweza kurudi?"

"Amesema unaweza."

Hilo ndilo alilolishika. Aliacha kweli. Kisufuria tulikitupa, tukanunua punje zilizo tayari, tukasugua sakafu. Alifunga mafundo kwa mkono wa kushoto, mimi nikiushika uzi upande wa pili, na punje nilizibana mimi kwa koleo. Mishipi ilitoka mizuri. Tuliitundika ukutani, na kila asubuhi alijaribu kuinua kiganja, akiwa amefumba macho.

Wavuvi walikuja, wakapapasa kwa ukucha.

"Hii haina jino."

Tukawaeleza. Walisikitika, walimpa pole ya moyoni, na hawakuchukua. Kelele alisema kwa sauti ya chini, ambayo sikujua anayo, "Shangazi, mimi nakuelewa. Lakini nikipoteza samaki kule nje, nitawaza uzi umekatwa na koleo. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Yalikuwa maneno ya Shangazi mwenyewe.

Mishipi ikakaa ukutani mpaka ndoana zikaanza kushika kutu. Kiganja hakikuinuka. Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta mezani, punje iko kati ya meno.

"Shangazi! Umeambiwa uache!"

Alimaliza kuuma kwanza. "Niliambiwa nikiacha mkono utarudi. Nimeacha. Umerudi?"

Wavuvi walirudi wao. Mlangoni pakachangamka, Kelele akapata sauti yake. Haukupita muda, mkono wa kushoto nao ukaanguka.

Tangu hapo nilimlisha, nikamvika, nikamfunga kitambaa cha kichwani. Wakati wa sala nilimshika viganja nikamwinulia. Akakataa. "Viache. Mungu anaviona hapo vilipo." Mimi niliomba kwa uhakika, halafu niliomba tu kwa sababu saa ya kuomba imefika. Watu wa ibada walikuja kumwombea, wakamwambia avumilie. Alivumilia. Sijui angefanya nini kingine.

Siku yake ya mwisho aliamka na akili timamu, akaomba uzi.

"Niwekee kidoleni."

Nikaweka. Akakunja uso kwa nguvu zote, kidole hakikusogea, uzi ukadondoka kwenye shuka.

"Tena."

Nikaweka. Ukadondoka.

"Tena. Safari hii uvutevute kidogo, niusikie."

Niliuvutavuta. Aliuliza kama nimeshaanza. Nikamwambia ndiyo, Shangazi, nauvuta. Akasema hasikii kitu, nisimdanganye, nianze. Niliendelea kuuvuta, na yeye akaendelea kungoja nianze, mpaka pumzi ikamkatika.