Mkojo wa Mama Mkwe

Nilipooa Lumakanda niliambiwa nimepata watu wastaarabu. Nilipata watu wanaoweza kumtazama mama yao akisinzia na mwiko mkononi, sufuria inaungua, wakasema ni uchovu wa shamba. Mchana alilala popote alipoketi. Usiku alizunguka boma akiongea peke yake. Watu wa maombi wakaja, wakakemea pepo wa uvivu, wakala kuku, wakaenda zao.

Mimi ni mtu wa maabara katika hospitali moja mjini Kakamega, na mara moja nilishuku malale, ugonjwa wa usingizi. Mama mkwe alikuwa ametoka kumtembelea mwanawe anayefanya kazi kando ya mbuga, ng'ambo ya mpaka, kwenye mbung'o wanaoueneza. Daktari wetu alinicheka.

"Malale? Hiyo iliisha zamani, bwana."

Daktari yule hupima watu kwa macho tu, na macho yenyewe huwa kwenye simu.

Mama mkwe naye alikataa sindano katakata. Hilo halikunisumbua, maana tulikuwa tunajaribu kipimo kipya kisichotaka hata tone la damu. Unachukua mate au mkojo, unapasha moto kwenye mashine ndogo, na kama mna vinasaba vya vimelea vya malale, hata vichache sana, rangi hubadilika. Nilijiona mtu pekee mwenye akili katika ukoo mzima.

Jumamosi nikaenda ukweni na vikopo viwili. Mama mkwe alijifungia jikoni, kwa sababu kwetu mtu haketi pamoja na mkwewe. Desturi hiyo naidharau tangu utotoni. Nikapaza sauti anisikie dirishani: kimoja mate, kingine mkojo, na nitavibeba mwenyewe. Baadaye mdogo wa mke wangu akaniletea vyote viwili vimejaa, vimefunikwa kwa leso.

Nilipima mara mbili. Hakuna kitu. Nikawapigia simu na sikuwahurumia: mama yenu hana malale, mpelekeni kwa daktari wa akili.

Wiki sita baadaye alisinzia akisonga obusuma, ugali wetu, akaangukia moto. Nilimkuta shemeji yangu yule yule kwenye korido ya hospitali, nikaanza kumfokea kwa nini walimwacha peke yake. Akanikatiza.

"Shemeji, ule mkojo ulikuwa wangu. Na mate pia."

"Wako?"

"Kwani ulidhani mama atakupea mkojo wake uushike na mikono? Wewe ni mkwe! Alisema heri akufe."

Nilitaka kumwita mjinga, lakini desturi niliijua. Mimi nimezaliwa huku huku. Ningemtuma nesi yeyote, mama angejaza kikopo bila neno. Safari hii nesi ndiye aliyekwenda, na ndani ya saa moja rangi ilibadilika. Kisha ikabidi achomwe sindano ya uti wa mgongo, licha ya majigambo yangu ya kumwepusha na sindano, ijulikane kama ugonjwa umefika kwenye ubongo.

Nikisubiri majibu nilisimama mlangoni mwa wodi, mbali, kwa heshima. Mama mkwe akainua kichwa, akaniona, akatabasamu, akaninyooshea mkono tusalimiane, jambo ambalo mama mkwe wa kwetu mwenye akili timamu hafanyi kamwe. Sikuhitaji majibu tena.