Siku Niliposukwa kwa Kiingereza

Mwaka niliorudi shule nikiwa tayari mama wa watoto, kilichonitesa si hesabu. Ni Kiingereza, hasa sentensi za kutendwa. Kwa Kiswahili tunachomeka herufi moja tu, suka inakuwa sukwa, tumemaliza. Kiingereza kinataka maneno yapange foleni. Mwalimu wetu wa jioni kule Kawangware alieleza mpaka chaki ikaisha. Niliitikia kwa kichwa kama wenzangu, nikatoka mikono mitupu.

Jumamosi nikaenda Kianda kwa dada yangu mkubwa, mwenye saluni ya mabati kando ya njia. Yeye alimaliza sekondari, mimi niliachia katikati. Alipokuwa ananisuka matuta nikamweleza shida yangu.

"Saa hii nafanya nini?" akauliza.

"You are plaiting me."

"Poa. Kazi inaendelea. Sasa usinitaje. Anza na wewe."

Nikafikiri. "I am plaiting."

"Unasuka nani?" Wateja waliokuwa wakingoja wakacheka, na mimi nikacheka.

"I am plaited."

Mikono yake ikasimama. "Kumbe umeshasukwa? Basi nenda."

Akanivua taulo ya mabegani, akanisindikiza mpaka mlangoni. Nilidhani anatania. "Niletee maziwa dukani," akasema. "Ukirudi uniambie hii kazi imefika wapi."

Nikaenda. Upande mmoja matuta yamelala vizuri, upande mwingine nywele zimesimama kama zimeitwa. Mama anayeuza mboga hapo jirani akaacha kukata sukuma, akanitazama.

"Mrembo, nani amekuacha nusu?"

"Sijaachwa, mama. Bado nasukwa."

Nikasimama papo hapo. Bado nasukwa. Kazi haijaisha, na anayeifanya si mimi. Lile neno dogo ambalo mwalimu alikuwa akilipigia mstari kila jioni, nikaiona kazi yake. Bila hilo nimeshamalizwa. Nikiliweka, mikono ya dada iko bado kichwani mwangu. Nikageuka mbio, maziwa nimeyasahau.

"I am being plaited," nikasema nikiwa mlangoni.

"Na nani?"

"By my sister."

Dada akanikumbatia, kitana mkononi, na saluni nzima ikapiga makofi. Mama wa mboga alikuwa amenifuata akidhani kuna shida. Alipoelezwa, akataka sentensi yake.

"Sukuma is being cut," nikamwambia.

Akairudia polepole, akairudia tena, akarudi kwa meza yake akiwaambia wateja wake hivyo hivyo huku kisu kikienda. Hapo kila aliyekuwa saluni akataka yake: anayeoshwa nywele, anayepakwa rangi ya kucha, hata aliyekuwa anangojea tu, ambaye tulishindwa kumpatia. Matuta yangu yalichelewa kwisha. Muhula huo nilipita Kiingereza, na dada akawa anauliza wateja wakikaa kwa kiti kama wanataka kusukwa au kufundishwa.