Mama Yake Shangazi

Jumamosi iliyopita tulimzika shangazi yangu Nyambura. Katika vyombo vyake nilikiona kibuyu cha uji kilichokuwa cha nyanya, mama yake. Harufu ya moshi na uji mchachu ilinirudisha Njoro, kwenye shamba la mzungu, alasiri ile shangazi alipotuaga kwenda kuolewa.

Mimi nilipewa jina la nyanya, kwa hiyo baba na shangazi waliniita mama. "Mama," shangazi alizoea kuniambia, "hii kibuyu uliibeba kwa mgongo kutoka Murang'a, ukinikataza kulia njiani." Niliamini, mtoto mdogo nilivyokuwa. Hata maumivu ya kamba begani niliyakumbuka. Sikujua kwamba lililosafiri ni jina, si mimi.

Alasiri hiyo shangazi alipiga magoti mbele yangu.

"Mama, nipe kibuyu niende nayo. Usiponiruhusu, siendi."

"Nani atakupikia huko?" nilimuuliza huku nikilia.

Baba alicheka. "Mama, wachilia huyu mtoto wako, anazeeka hapa!"

Nikasema aende nacho. Shangazi akakinga viganja nimtemee mate ya baraka, kama mzazi amfanyiavyo binti anayeondoka. Lakini mdomo wangu ulikuwa umekauka kwa kulia. Baba akanimiminia uji kutoka kibuyu hichohicho, nikapiga funda moja, nikatema kwa nguvu. Shangazi akajipaka usoni, mate na uji pamoja, akatia kibuyu kwenye kiondo, akaondoka bila kujipangusa.